Nyumba ya Refa Haiuzwi

Haya, sogeeni. Wiki iliyopita tulimwacha Bi Funguo mlangoni pa bafu, mkono bado umeshika kitasa. Nyuma yake wateja wawili. Mbele yake mzee mwenye povu kichwani na taulo la njano kiunoni, anauliza, "Nyie ni nani, na mmeingiaje?"

Mliopiga simu gazetini kulalamika kwamba tumewaachia mzee uchi wiki nzima, malalamiko yamefika. Kwanza, hakuwa uchi. Pili, ni kweli, taulo lilikuwa dogo.

Na wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, usihangaike, utatukuta njiani. Bi Funguo ni dalali wa nyumba. Zamani alikuwa karani wa benki, yule anayekaa nyuma ya kioo kutwa nzima akiambiwa "sikusikii, ongeza sauti." Akachoka, akaaga, akanunua viatu vya kutembelea, akaanza kuuza nyumba. Mpaka leo hajauza hata choo.

Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye meneja wa benki ile. Amemwekea kiti chake cha zamani, ila leo Ijumaa ndiyo mwisho. Kabla benki haijafungwa, Bi Funguo aseme anarudi au harudi. Naye kajiapiza: akiuza nyumba leo, harudi ng'o. Asipouza, Jumatatu yuko nyuma ya kioo.

Sasa turudi bafuni, mzee anapigwa na baridi.

Kasoro ya Bi Funguo ni kwamba mdomo wake huondoka kituoni kabla kichwa hakijapanda. "Huyu ni fundi bomba," akawaambia wateja.

Mteja wa kwanza, mwanamke daktari wa meno, akarudi nyuma. Wa pili, mama mkwe wa daktari huyo, akasogea mbele.

"Fundi bomba gani hana nguo?" akauliza mama mkwe.

"Anapima presha ya maji, mama. Nyumba za hadhi hii hupimwa kwa mwili."

"Na povu?"

"Sabuni ya majaribio hiyo."

Mzee akafuta povu jichoni. "Binti, hii ni nyumba yangu. Nimeishi humu tangu wewe unanyonya."

"Ahaa, mwenye nyumba!" mdomo ukadandia gari jingine. "Mama, daktari, mwenye nyumba ndiye huyu, mtu wa utani sana. Mzee, si nilikuomba usiwepo wakati naonesha nyumba?"

Ndipo akakisikia alichosema. Nyumba aliyopewa kuuza ni ya nesi mstaafu. Nesi yule ni mwanamke, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Huyu hakuwa mwanamke, na wala hakuwa anacheka.

Bi Funguo akautazama ufunguo mkononi mwake.

"Mzee... nesi yuko wapi?"

"Nesi yuko kwake. Nyumba inayofuata. Geti kama langu."

"Lakini ufunguo wake umefungua mlango wako!"

"Aliyejenga safu hii alinunua vitasa vya jumla. Nesi akijifungia nje huja kuazima ufunguo wangu. Sasa tokeni."

Jamani, hili ni kosa la dalali tu, mtu mwingine hawezi kulifanya hata akiombwa. Dalali aliyefundwa hufika mapema, huingia peke yake, hufungua mapazia, huvuta choo asikie kama maji yapo, ndipo huwaita wateja. Leo Bi Funguo hakupata nafasi hiyo. Alikuja na wateja moja kwa moja kutoka nyumba nyingine, ambako daktari na mama mkwe walikuwa wamegombana kuhusu sinki mpaka mwenye nyumba akawaomba radhi majirani.

Alipoingia hapa akakuta maua mezani, sakafu inang'aa, ukutani hakuna hata picha moja ya familia, na nyumba nzima inanukia mdalasini. Alifurahi kama nini. Hivyo vyote ndivyo alivyomfundisha nesi: ficha picha, mnunuzi asijione mgeni, weka maua, nukiza nyumba. Akajisemea moyoni, kumbe kuna watu wanasikia!

Na balaa lenyewe lilikuwa kwamba wateja wameipenda. Daktari alikuwa anataka nyumba yenye mwanga, mama mkwe anataka jiko ambalo mtu anaweza kugeuka bila kuomba ruhusa. Walikuwa wamezunguka mji mzima bila kukubaliana hata juu ya rangi ya mlango. Humu ndani mama mkwe alisema, "Chumba changu kitakuwa hiki," na daktari akajibu, "Sawa, mama." Bi Funguo alitaka kulia kwa furaha.

"Nimesema tokeni!" Mzee akanyoosha mkono kwenye ndoano ya ukutani, akachukua filimbi, akapuliza.

Filimbi ndani ya bafu lenye vigae, ndugu msomaji, ni kitu kingine. Daktari akaziba masikio. Kumbe mzee huyu ni Refa, yule yule, mstaafu wa viwanjani, anayesifika kwa kuwahi kumpa kadi nyekundu muuza maji aliyekuwa jukwaani.

"Baba," mama mkwe akasema kwa utulivu, "kwanza vaa suruali, ndipo utufukuze. Mimi sijawahi kufukuzwa na mtu wa taulo, na uzee huu sianzi leo."

Refa akafikiri. Hoja ilikuwa nzito. Akawapita kwa ubavu, akaingia chumbani, wakamsikia anafungua kabati. Halafu sauti ikatoka.

"Suruali zangu! Wezi nyie! Mmebeba suruali zangu!"

Wakakimbilia mlangoni pa chumba. Kabati lilikuwa wazi. Ndani yalining'inia mashati machache tu, yameachana sana, kama watu waliogombana kwenye msiba mmoja.

Mama mkwe akampokonya daktari mkoba wake, akaongeza na wa kwake, akaifungua yote miwili chini ya pua ya Refa. "Tafuta humo. Ukikuta suruali, ni yako."

"Mama, mkoba wangu!" daktari akasema.

"Nyamaza, mwanangu, tunajitetea."

Bi Funguo hakuwasikia. Alikuwa analitazama kabati. Mashati machache, yameachana. Kabati likipunguzwa nguo, mnunuzi huliona kubwa. Hiyo nayo ni hila ya madalali, huifundisha kila mwenye nyumba. Na nguo zinazoondolewa hupelekwa mahali pamoja siku zote.

Akatoka bila kusema neno, akafungua stoo ya karibu na jiko, akasogeza ndoo na ufagio. Viroba viwili, vimefungwa kamba. Akavibeba mpaka chumbani, akavimwaga kitandani. Suruali, koti, picha za harusi kwenye fremu, na Refa mwenyewe enzi za ujana wake, amekanyaga mpira, mashavu yamejaa.

Refa akaokota suruali moja. "Umejuaje?"

"Kazi yangu," akajibu Bi Funguo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mdomo wake ukaishia hapo.

Refa akaanza kuvaa, wanawake wakatoka, wakaenda sebuleni. Simu ya Bi Funguo ikaita. Shemeji.

"Shemeji, vipi, umeuza?"

"Niko na wateja, shemeji. Wanaipenda mno."

"Wanaipenda au wanainunua?"

"Nitakupigia." Akakata. Jasho lilikuwa linamtoka kwapani.

Akawapeleka wateja kwa nesi, nyumba halali. Hatutakaa huko, kwa sababu hata wao hawakukaa. Mama mkwe aliingia, akavuta pumzi, akasema, "Hapa pananuka mbwa aliyelowa."

"Nesi hana mbwa, mama."

"Basi ni nini kinanuka?"

Hakuna aliyetaka kujua. Daktari akatazama sebule, imejaa makochi mpaka dirisha limekata tamaa, akatikisa kichwa. Mama mkwe akageuka, akatoka, akavuka uani, akarudi moja kwa moja kwa Refa na kubisha hodi. Alikuwa ameamua. Anaitaka ile nyumba, na asiyeiuza itabidi aelimishwe.

Refa alifungua akiwa na suruali, na suruali ilikuwa imemrudishia adabu. "Karibuni," akasema. "Nimewapigia filimbi watu wazima, si vizuri. Kunyweni chai."

Wakaketi jikoni. Chai ilikuwa na mdalasini mwingi sana.

"Nimekuta sufuria ya maji ya mdalasini jikoni," Refa akaeleza. "Sijui mke wangu alitaka kufanya nini nayo. Nikaongeza majani na sukari."

Bi Funguo akakishusha kikombe mezani. Maji ya mdalasini kwenye sufuria, moto mdogo, yachemke taratibu, nyumba inukie. Ofisini kwao kuna dalali mmoja tu anayetumia hila hiyo, na huwatambia wenzake kila Jumatatu. Ni Suti. Suti, anayevaa suti hata kwenye jua la kuchoma lami, anayemwita Bi Funguo "dada wa benki" mbele za wateja.

"Baba," mama mkwe akaanza, "tuzungumze kama watu wazima. Hii nyumba, bei gani?"

"Haina bei, mama. Haiuzwi. Humu nimelea watoto, humu nimeuguza goti langu. Nitatoka humu nimebebwa."

"Kila kitu kina bei."

"Hata wewe?" Refa akamtania. Mama mkwe akatoa kicheko ambacho daktari hakuwahi kukisikia tangu aolewe.

"Mzee," Bi Funguo akauliza polepole, "leo ulikuwa uwe wapi?"

"Uwanjani. Mke wangu alinisukuma asubuhi, nenda kaangalie vijana wanavyochezesha, usirudi mpaka jioni. Yeye kaenda kwa dada yake. Nimefika, mechi imeahirishwa, nikarudi kuoga. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Naomba kupiga simu."

Akatoka uani, akampigia Suti.

"Dada wa benki!" Suti akapokea. "Umeuza, au umepiga kuaga?"

"Suti, ile nyumba ya Refa ni yako?"

"Nani kakwambia?"

"Mdalasini."

Suti akacheka. "Una pua wewe. Ndiyo, mke wake kanipa funguo. Anataka fleti ya ghorofani, amechoka kufagia uwanja. Mzee hajui. Atajua siku ya lori la kuhama. Mke atamwekea karatasi mbele aseme ni za bima, mzee atatia saini huku anaangalia mpira. Sikiliza, naleta mteja sasa hivi. Kama una wako, mlete, tugawane kamisheni. Mwenzio sina roho mbaya."

Akakata.

Bi Funguo akasimama uani akiitazama kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo penyewe, msomaji. Nyumba inauzwa. Mnunuzi anaye, ameketi jikoni anacheka, na mkwe wake amekubali. Hiyo ni mara moja, haitatokea tena mpaka kiama. Anyamaze tu. Asiseme uongo hata mmoja, anyamaze. Jioni amwambie shemeji, "Nimeuza," na kioo cha benki akisahau maisha yake yote. Nani angemlaumu? Mke ndiye aliyetaka, Suti ndiye aliyepanga, yeye ni mpita njia aliyekosea geti.

Akarudi jikoni amekwisha kata shauri kunyamaza. Tunamwandika kama alivyo.

Akamkuta Refa amepanda juu ya kiti, ana nyundo mkononi, misumari mdomoni, anarudisha picha za harusi ukutani. Daktari wa meno ameshika kiti kisiyumbe. Mama mkwe anaelekeza: juu kidogo, kushoto, hapo.

"Mke wangu ana mambo," Refa akasema kupitia misumari. "Kila mwaka anafanya usafi mkubwa kama huu halafu anasahau kurudisha vitu. Nataka akirudi akute nimerudisha zote, afurahi."

Bi Funguo alimhurumia mzee yule. Akajihurumia na mwenyewe, kwa sababu alijua mdomo wake unakwenda wapi, na safari hii kichwa kilikuwa kimepanda.

"Refa, shuka kwenye kiti."

"Namalizia hii."

"Shuka, baba, tafadhali. Nyumba yako inauzwa."

Akamwambia yote akiwa amesimama: maua, kabati, mdalasini, Suti, fleti, lori, karatasi za bima ambazo si za bima. Hakupamba. Alipomaliza, aliona kamisheni yake inatoka mlangoni bila hata kuaga.

Refa akatoa misumari mdomoni. Akaketi kwenye kiti kilekile alichokuwa amekanyaga, nyundo mapajani.

"Wiki iliyopita aliniuliza kama ningependa fleti," akasema. "Nikamwambia fleti ni kabati la kuhifadhia watu. Nikacheka. Yeye hakucheka." Akainamisha kichwa. "Sikumuuliza kwa nini hakucheka."

Mama mkwe, ambaye hukosa neno akiwa usingizini tu, alimsogezea kikombe cha chai.

"Wewe, binti," Refa akasema baadaye, "ulitaka kuniuzia nyumba yangu nikiwa bafuni. Sasa umeniambia. Kwa nini?"

"Sijui, mzee. Na ninavyokwambia hivi, nimejirudisha benki kwa mikono yangu."

"Umewahi kuuza nyumba ngapi?"

"Hata moja."

"Basi kutouza unakuweza." Refa akasimama, akanyoosha goti lake. "Nakuajiri. Kuanzia sasa wewe ndiye dalali wa nyumba hii, na kazi yako ni isiuzwe mpaka nizungumze na mke wangu, sisi wawili, uso kwa uso. Ikishindikana kabisa, ikabidi iuzwe, utaiuza wewe. Wala si huyo wa mdalasini."

"Na ukiiuza, unatuuzia sisi," mama mkwe akadakia. "Tutasubiri. Mpaka hapo tutafutie ya kupanga. Dalali anayesema ukweli! Daktari, mpige picha kabla hajabadilika."

"Yenye mwanga," akasema daktari.

"Na jiko," akasema mama mkwe.

"Na jiko, mama."

Bi Funguo alitaka kucheka, ila macho yalikuwa yamemjaa machozi. Hajauza nyumba. Hana hata senti ya leo. Lakini ana mwenye nyumba aliyemchagua mwenyewe, na wateja waliokataa kuondoka, na hicho benki hawakuwahi kumpa katika miaka yake yote ya kukaa nyuma ya kioo.

Simu ikaita. Shemeji.

"Shemeji, benki inafungwa. Nimekubeba vya kutosha, dada yako ananisumbua kila siku kuhusu wewe. Niko kwenye kikao kizito hapa ofisini, nijibu haraka. Unarudi, hurudi?"

Kabla hajajibu, ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa mbele.

"Karibuni, karibuni," ikasikika sauti ya Suti sebuleni, tamu kama dawa ya kikohozi. "Wenyewe hawapo, jisikieni nyumbani."

"Haloo? Shemeji?" akasema shemeji kwenye simu.

"Haloo? Shemeji?" ikasema sauti ileile sebuleni.

Bi Funguo akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Masikio yake yote mawili yalikuwa yanasikia mtu mmoja.

"Mpenzi," sauti ya mwanamke ikasema huko mbele, changa, ya kudeka, "dirisha hili nataka mapazia ya zambarau. Mkeo si hatajua tuko mtaa huu?"

Sauti ya dada yake, Bi Funguo anaijua tangu tumboni. Hii haikuwa sauti ya dada yake.

Refa akamtazama, nyundo mkononi. Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu asikose kitu. Bi Funguo akajifuta macho kwa kiganja, akanyoosha sketi, akatoka jikoni simu ikiwa bado sikioni, akasimama katikati ya sebule, nyuma ya mgongo wa meneja wa benki aliyekuwa amemshika kiuno msichana wa watu.

"Shemeji," akasema kwenye simu, bila kupandisha sauti hata kidogo, "benki sirudi. Sasa geuka. Mimi ndiye dalali wa nyumba hii."